Jamhuri ya Milimani

Sogeeni, wanangu. Wa nyuma wasogee wasikie, na mwenye njugu azitafune taratibu. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina kadhi anayechechemea, ina jenerali mwenye masharubu marefu aliyedhani vita ni gwaride, ina waya za simu zilizotekwa vitani zikafungwa upya milimani, na ina nchi iliyokuwa na bendera, mawaziri na noti zake yenyewe, ikadumu miaka isiyotimia mitano, kisha ikazimwa. Nitakayowaambia yalitokea kweli, na tarehe zake zipo.

Nchi hiyo ni Jamhuri ya Rif.

Chukueni ramani ya Afrika, mpandishe kidole hadi juu kushoto, pale bara letu linapokaribia kugusana na Ulaya. Hapo ndipo Moroko. Kwenye ukingo wake wa kaskazini milima inashuka hadi Bahari ya Mediterania bila kuacha pwani ya maana. Hiyo ndiyo Rif. Udongo wake ni haba na mvua yake haitabiriki. Watu walilima shayiri, wakapanda mitini na milozi, wakafuga mbuzi, na mwaka wa ukame vijana waliondoka kwenda Algeria kuvuna mashamba ya walowezi wa Kifaransa. Wenyewe ni Waamazighi, wale ambao vitabu vya zamani viliwaita Waberiberi. Wana lugha yao, Kitarifit, na ni Waislamu. Sultani wa Moroko alikuwa mbali, huko Fez. Walimwombea dua katika hotuba ya Ijumaa, lakini kodi yake walilipa walipotaka.

Mwaka 1912 mambo yakabadilika juu ya meza ambayo hakuna Mrif aliyeikalia. Mwezi Machi Sultani Abdelhafid alitia saini mkataba wa kuiweka Moroko chini ya Ufaransa, na mwezi Novemba Ufaransa ikamega ukanda wa kaskazini ikampa jirani yake, Uhispania. Wahispania walikuwa na mji pale pwani tangu 1497, mji wa Melilla, na milima ya nyuma yake ilikuwa na chuma kizuri ambacho kampuni zao zilikwisha kuanza kukichimba. Tena walikuwa na kidonda. Mwaka 1898 walipigwa na Marekani wakapoteza Cuba, Puerto Rico na Ufilipino. Dola iliyokuwa ikitamba duniani ikabaki na vipande. Wakubwa wa Madrid wakaona heshima itarudi kupitia Rif.

Mtaniuliza: mbona askari wao walikubali? Wengi hawakukubali. Kijana wa tajiri alilipa fedha akapunguziwa utumishi, kijana wa maskini akapelekwa. Mwaka 1909, walipoitwa askari wa akiba kwenda kupigana Melilla, mji wa Barcelona uliwaka moto kwa ghasia za wiki nzima. Wekeni hilo akilini tutakapofika kwenye vita, maana wengi watakaokufa huko ni watoto wa wakulima wasiokuwa na ugomvi wowote na mtu wa Rif.

Kabla sijamleta kadhi wetu, lazima mjue watu wa Rif walivyoishi wao kwa wao, la sivyo hamtaelewa kazi aliyoifanya. Watu hao walipenda uhuru, na walipenda pia kulipiza kisasi. Mtu akiuawa, damu yake ikawa deni, na deni likarithiwa kama shamba linavyorithiwa. Mjukuu angeweza kupigwa risasi kwa jambo alilolifanya babu yake kabla hajazaliwa. Ndiyo maana nyumba hazikujengwa karibu karibu kama katika vijiji vyetu. Kila nyumba ilijitenga peke yake na shamba lake, mbwa wakali nje, na kando yake kibanda kidogo cha mawe chenye matundu ya kupitishia mtutu wa bunduki. Mwenye nyumba aliweza kukaa humo kutwa akimvizia jirani.

Mahali palipokuwa na usalama ni gulioni. Ukimuua mtu siku ya gulio, baraza la wazee lilikutoza faini nzito, na ukishindwa kulipa walikuchomea nyumba. Wanawake wa kabila kubwa la huko, Aith Waryaghar, walikuwa na magulio yao ambayo mwanamume mzima hakukanyaga. Mimi nayapenda sana magulio hayo. Waume wanaviziana juu ya kilima, wake wanauziana mayai na kupashana habari bondeni.

Basi sasa aje kadhi.

Muhammad bin Abdelkrim al-Khattabi alizaliwa Ajdir, kwenye ghuba ya Alhucemas, mnamo mwaka 1882 au 1883. Dunia ilimwita kwa jina la baba yake, Abdelkrim, na nasi tutamwita hivyo, lakini kwao alijulikana kama Mulay Muhand. Baba yake alikuwa kadhi. Kijana akapelekwa Fez kusoma katika Qarawiyyin, chuo ambacho kilikuwa na karne nyingi kabla Melilla haijawa ya Wahispania. Alipomaliza, alikwenda Melilla yenyewe, mji wa wageni, akafanya kazi huko. Alifundisha watoto, akaandika safu ya Kiarabu katika gazeti la Kihispania, akawa karani katika ofisi ya mambo ya wenyeji, akapanda hadi kuwa kadhi mkuu. Mdogo wake, Mhamed, akapelekwa Madrid kusomea uhandisi wa migodi. Baba yao alipokea posho kutoka kwa Wahispania.

Naona nyuso zenu zimekunjamana. Ndiyo, shujaa wetu alianza kama mtumishi wa wakoloni. Familia hii iliamini kwanza kwamba Uhispania ingeleta shule, hospitali na barabara, na kwamba Mrif angeweza kuyapokea hayo bila kupoteza ardhi yake. Abdelkrim alikaa ofisini miaka mingi. Alisoma barua zao, akajua namna wanavyopiga hesabu, namna wanavyodharau na namna wanavyoiba. Baadaye elimu hiyo ilimfaa kuliko bunduki elfu.

Mwaka 1915, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, alitoa maneno ambayo wakubwa hawakuyapenda: kwamba Rif isiyotekwa ibaki huru. Wakamtia gerezani katika ngome ya Melilla. Akajaribu kutoroka kwa kujishusha ukutani kwa kamba, akaanguka, mguu ukavunjika. Tangu siku hiyo alichechemea. Walimwachilia, wakamrudishia hata kazi yake, lakini mtu aliyetoka gerezani hakuwa yule aliyeingia. Vita vya Ulaya vilipokwisha alirudi Ajdir, akamwita mdogo wake kutoka Madrid, na wote wawili hawakurudi tena kwa Wahispania. Mwaka 1920 baba yao akafariki. Uongozi ukawaangukia wao.

Mwaka huohuo Melilla ikapata kamanda mpya, Jenerali Manuel Fernández Silvestre. Huyu ndiye mwenye masharubu. Alikuwa jasiri kweli, mwili wake ulikuwa na makovu ya vita vya Cuba, na alikuwa kipenzi cha Mfalme Alfonso wa 13. Alitaka kuvuka milima kutoka Melilla hadi ghuba ya Alhucemas, yaani hadi mlangoni kwa Abdelkrim, kwa mwendo mmoja. Akasonga mbele haraka sana. Kila alipopita aliacha kituo kidogo juu ya kilima: ukuta wa magunia ya mchanga, waya wa miiba, na askari kadhaa ndani. Mwisho wake alikuwa na vituo zaidi ya 100 vilivyotawanyika milimani.

Nawaomba mvitazame vituo hivyo kwa macho ya mkulima. Kilima ni kizuri kwa kuona mbali, lakini maji yako wapi? Maji yako bondeni. Kila siku askari walilazimika kushuka na nyumbu kujaza mapipa, na kila siku walipita njia ileile. Silvestre hakulijali hilo. Mkulima yeyote wa Rif angemwambia.

Tarehe 1 Juni 1921 Wahispania walipanda kilima cha Abarran wakaweka kituo. Siku hiyohiyo, kabla jua halijatua, kilikuwa kimetekwa pamoja na mizinga yake. Malenga wa Rif walitunga utenzi mrefu juu ya kilima hicho, Dhar Ubarran, na bado unaimbwa. Makabila yaliyokuwa yakisitasita yakaona kwamba kumbe mizinga inaweza kubadilisha mmiliki.

Mwezi Julai ikawa zamu ya Igueriben, kituo chenye watu 350 hivi. Warif walikizunguka wakaifunga njia ya maji. Jua la Julai huko halina huruma. Misafara ya kuleta maji ilirudishwa kwa risasi, mmoja baada ya mwingine. Askari walikunywa maji ya makopo ya nyanya, wakanywa siki, wakanywa manukato, wakanywa wino, mwisho wakanywa mkojo wao wenyewe uliotiwa sukari. Tarehe 21 Julai kituo kikaanguka. Waliotoka hai walikuwa wachache mno, na baadhi yao wakafa kwa kunywa maji mengi kwa pupa walipoyapata.

Kesho yake, tarehe 22 Julai, Silvestre alikuwa Annual, kambi kubwa ya mbele, akiwa na askari elfu kadhaa, risasi chache na maji machache. Akaamuru warudi nyuma. Sasa, wanangu, kurudi nyuma vitani ni kazi inayohitaji mpango kuliko kusonga mbele, na mpango haukuwapo. Barabara ilipita katikati ya vilima, na juu ya vilima walikuwa Warif. Polisi wenyeji waliokuwa wakiwatumikia Wahispania wakageuza bunduki. Maofisa wengine walivua nembo zao za cheo, magari yalikimbia yakiwaacha majeruhi. Silvestre akafia hapohapo. Katika wiki mbili tatu zilizofuata vituo vyote vikaanguka kimoja baada ya kingine hadi kwenye malango ya Melilla. Waliokufa upande wa Uhispania walihesabiwa kati ya 8,000 na zaidi ya 10,000. Afrika haikuwa imeuona ushindi wa namna hiyo tangu Wahabeshi walipowashinda Waitalia Adwa mwaka 1896.

Sitawaficha upande wa pili. Huko Monte Arruit, karibu na Melilla, Wahispania wapatao 3,000 walijisalimisha tarehe 9 Agosti, wakaweka silaha chini, na wengi wao wakachinjwa. Waliofanya hivyo walikuwa watu wa makabila ya karibu, ambao Abdelkrim hakuwa na amri juu yao bado. Hata hivyo damu ilimwagika, na ni haki ihesabiwe.

Melilla ilikuwa wazi siku hizo. Ungeweza kuingia mjini karibu bila kupigana. Abdelkrim hakuingia, na baadaye mwenyewe alikiri kwamba hilo lilikuwa kosa lake kubwa. Mimi simlaumu sana. Alikuwa na wapiganaji ambao nusu yao walikuwa wamekwisha kubeba ngawira wakarudi kwao kuvuna shayiri, na baada ya Monte Arruit alijua wangefanya nini ndani ya mji uliojaa raia. Kushinda alikuwa ameshinda. Kuwatawala washindi ndiyo kazi iliyokuwa bado.

Na hapa ndipo hadithi yangu inapoanza hasa, maana vita watu wengi wamepigana. Kujenga nchi kutoka kwenye vilima vya watu wanaoviziana, hilo ni adimu.

Abdelkrim aliwakusanya wazee wa makabila, na kufikia Februari 1923 walikwisha kumpa baia, kiapo cha utii, na serikali ikasimama rasmi. Kwa watu wa nje aliiita jamhuri. Kwa watu wake alikuwa amiri, na wanahistoria wanabishana hadi leo kipi kilikuwa kweli zaidi. Mdogo wake Mhamed akawa makamu wake na kamanda wa jeshi, ami yake Abdessalam akashika fedha, na shemeji yake Mohamed Azerkan akawa waziri wa mambo ya nje. Huyu Wahispania walimwita Pajarito, yaani Kidege. Mkisema serikali ilikuwa ya jamaa tupu, hamtakosea. Bendera yao ilikuwa nyekundu, katikati umbo jeupe la almasi, na ndani yake hilali na nyota ya pembe sita, za rangi ya kijani.

Ikulu yake pale Ajdir ilikuwa nyumba za kawaida za udongo na mawe. Jambo la ajabu ni kwamba mbele yake, mita mia kadhaa tu kutoka ufukweni, kulikuwa na kisiwa cha mwamba chenye ngome ya Wahispania tangu 1673, na hawakukiacha muda wote huo. Rais wa jamhuri aliamka kila asubuhi akiona bendera ya adui.

Kitu cha kwanza alichokivunja ni vile vibanda vya mawe. Aliamuru kila kibanda cha kuvizia jirani kibomolewe. Faini za wazee akazifuta. Mwuaji sasa alipelekwa kwa kadhi, akahukumiwa kwa sheria, akafungwa au akanyongwa na serikali, na jamaa wa marehemu wakaambiwa damu yenu imekwisha kulipwa, nendeni nyumbani. Wangapi kati yenu mnaweza kumwambia mtu aliyefiwa na kaka yake maneno hayo na akatii? Yeye alitiiwa. Wazee wa Rif waliozungumza na watafiti miaka mingi baadaye walisimulia kwamba chini yake mtu aliweza kutembea usiku peke yake. Alikuwa mkali, hilo nalo walilisema. Alipiga marufuku kuvuta bangi, akasisitiza sala, na aliyekaidi alikiona.

Kisha simu. Wahispania walipokimbia waliacha kilomita nyingi za waya, nguzo na vyombo. Warif walivikusanya wakavifunga upya, kutoka Ajdir hadi kwenye medani za vita, na fundi akifa mwingine akafundishwa. Mateka wa Kihispania wakatumiwa kutengeneza barabara. Mwezi Januari 1923 Madrid ililipa zaidi ya peseta milioni 4 kuwakomboa mateka waliobaki, watu mia tatu na ushee, na fedha hizo zikawa msingi wa hazina. Nyingi ziligeuka bunduki na mshahara wa askari wa kudumu. Walinunua hata ndege moja. Wahispania wakaiharibu kwa mabomu kabla haijapigana.

Noti nazo zikachapishwa, Oktoba 1923, kwa mpango wa mfanyabiashara mmoja Mwingereza: Riffan 1 na Riffan 5, zenye maandishi ya Kiarabu na Kiingereza. Hazikuwahi kuingia sokoni. Mwanamke wa gulioni aliendelea kuuza mayai yake kwa peseta za Uhispania, maana ndizo alizozijua, na sioni kama alikosea.

Kilichokosekana ni majirani kusema: ndiyo, tunawaona. Abdelkrim aliandika kwa Shirikisho la Mataifa, ule ushirika wa Geneva uliotangulia Umoja wa Mataifa wa leo. Wakubwa walioliunda walikuwa wameahidi kwamba baada ya vita kuu kila taifa dogo litakuwa na haki yake. Hakujibiwa. Mhamed akasafiri hadi Paris mwaka 1923 kuzungumza. Akarudi mikono mitupu. Waandishi wa habari walikuja hadi Ajdir kumwona, na mwaka 1925 sura yake ilitokea kwenye jalada la jarida la Time la Marekani. Duniani alijulikana. Kutambuliwa hakutambuliwa.

Huko Uhispania aibu ya Annual ilikuwa imeitikisa nchi nzima. Jenerali Juan Picasso, ndugu wa ukoo wa yule mchoraji maarufu, aliandika ripoti iliyofichua uzembe na wizi wa maofisa. Kabla bunge halijaijadili hadi mwisho, Jenerali Primo de Rivera alipindua serikali, Septemba 1923. Yeye mwenyewe alianza kwa kurudi nyuma. Mwisho wa 1924 majeshi yake yaliuacha mji wa milimani wa Chefchaouen, yakipigwa njia nzima katika mvua na matope, na Warif wakaingia. Mwezi Januari 1925 wakamkamata hata Raisuni, bwana vita wa magharibi ambaye zamani aliwahi kuwateka wageni matajiri na kuwatoza fidia. Sasa karibu kaskazini yote ilikuwa mkononi mwa Abdelkrim.

Hapo ndipo njaa ilipoharibu hesabu. Rif, nimewaambia, haijilishi. Nafaka yake ilitoka kusini, bonde la mto Ouergha, na mwaka 1924 Wafaransa walikuwa wamevuka mto wakaweka vituo vyao kando ya bonde. Jamhuri ikabaki na ushindi mwingi na unga mchache. Abdelkrim hakutaka kupigana na Ufaransa. Ilikuwa na jeshi ambalo miaka michache tu kabla lilikuwa limeishinda Ujerumani. Lakini makabila ya bonde yalimwita, watu wake walitaka ngano, na Aprili 1925 wapiganaji wake wakashuka. Vituo vya Wafaransa vilianguka kwa makumi, Warif wakafika mahali ambapo Fez ilikuwa mwendo mfupi tu.

Wapo wanaosema ni kiburi. Mimi nasema ni tumbo. Vyovyote iwavyo, siku hiyo jamhuri ilijipatia maadui wawili badala ya mmoja. Ufaransa ikamwondoa gavana wake, Lyautey, kutoka kwenye uongozi wa vita, ikamleta Marshali Pétain, yule aliyeilinda Verdun mwaka 1916. Pétain na Primo de Rivera wakapatana. Majeshi yao kwa pamoja yakawa askari wa laki kadhaa, wenye vifaru, mizinga mizito na ndege. Wafanyakazi wa Ufaransa waligoma Oktoba 1925 kupinga vita hivyo, hawakuvizuia. Marubani wa Kimarekani waliojitolea upande wa Ufaransa waliupiga mabomu mji wa Chefchaouen.

Na kuna gesi. Hili nilitaka kulipita, lakini mna haki ya kulijua. Tangu mapema katika vita Uhispania ilikuwa imeanza kutumia gesi ya sumu, na kisha ikaidondosha kwa ndege, kwa msaada wa mtaalamu wa Kijerumani na kiwanda kilichojengwa karibu na Madrid. Iliyotumika zaidi ni gesi ya haradali. Kwa jina ni gesi, kwa kweli ni matone kama mafuta yanayotua kwenye nguo, majani na maji ya kisima. Ukiguswa, huhisi chochote. Baada ya saa kadhaa ngozi inatoka malengelenge, macho yanafumba, kifua kinaungua. Mabomu hayo yaliangushwa vijijini na magulioni, kwa makusudi, siku ambazo watu walikuwa wengi. Juni 1925 mataifa yalikutana Geneva yakatia saini itifaki ya kuipiga marufuku gesi hiyo vitani, Uhispania ikiwamo. Ndege hazikuacha kuruka.

Mwisho ulikuja kwa njia ya bahari. Tarehe 8 Septemba 1925 meli za Uhispania na Ufaransa zilisogea ghuba ya Alhucemas, zikashusha maelfu ya askari na vifaru ufukweni huku ndege zikipiga kutoka juu. Kati ya makamanda wa kikosi cha mbele alikuwamo kanali mmoja mfupi aitwaye Francisco Franco, ambaye Uhispania yenyewe itamjua vizuri zaidi kuanzia 1936. Warif walipigana kila kilima. Mapema Oktoba Ajdir ikachukuliwa na kuchomwa moto.

Abdelkrim alishika milima majira ya baridi yote. Mazungumzo ya amani huko Oujda yakavunjika Mei 1926, na tarehe 27 Mei akajisalimisha, kwa Wafaransa, pale Targuist. Kuwachagua Wafaransa ilikuwa hesabu ya karani wa zamani wa Melilla: Wahispania walitaka kumhukumu, Wafaransa wangemhamisha tu.

Wakamhamishia kwenye bahari yetu. Kisiwa cha Réunion kiko mashariki ya Madagascar, na Ufaransa ilikigeuza kituo cha wafalme iliowaondoa madarakani. Said Ali, sultani wa Ngazidja, alipitia huko. Malkia Ranavalona wa Tatu wa Madagascar alipitia huko. Abdelkrim alipofika mwaka 1926 na mama yake, mdogo wake, wake na watoto, alimkuta Duy Tan, mfalme kijana wa Vietnam aliyeletwa miaka 10 kabla yake. Alikaa miaka zaidi ya 20, akilima na kulea watoto.

Mwaka 1947 Wafaransa waliamua kumpeleka Ufaransa. Meli, jina lake Katoomba, ilipita mfereji wa Suez ikatia nanga Port Said. Wananchi wa Maghrib waliokuwa Misri wakapanda kumsalimu, wakamnong'oneza, na tarehe 31 Mei mzee akateremka na familia yake yote, hakurudi melini. Mfalme Farouk akampa hifadhi. Huko Cairo akaongoza kamati ya ukombozi wa Moroko, Algeria na Tunisia.

Moroko ikapata uhuru mwaka 1956, na mfalme akamkaribisha nyumbani. Alikataa, kwa sababu askari wa kigeni walikuwa bado kwenye ardhi ya Maghrib. Miaka miwili baadaye Warif wenyewe waliinuka kulalamikia serikali mpya iliyowasahau, na jeshi la nchi yao likawazima kwa nguvu. Abdelkrim akafariki Cairo tarehe 6 Februari 1963, Rais Nasser akamfanyia mazishi ya kitaifa.

Watu wa mji wa Al Hoceima, hukohuko Rif, walipoandamana mwaka 2016 na 2017 kudai hospitali, chuo na kazi, bendera nyekundu yenye almasi nyeupe ilionekana tena mitaani, na viongozi wao wakafungwa. Serikali ya Uhispania haijaomba radhi kwa gesi. Kile kisiwa cha mbele ya Ajdir bado ni cha Uhispania, na kaburi la Abdelkrim bado liko Cairo.